Modeli ya VVU kwa nchi yenye maambukizi machache: kwa nini ya Kenya haikubali

Swali: Daktari, nasomea uzamili wa takwimu za afya hapa Nairobi. Nimepewa kazi ya kujenga modeli ya kuenea kwa VVU katika nchi ya visiwa yenye watu wazima milioni 1.2, na wenye virusi ni asilimia 0.3 tu. Nilichukua modeli ya Kenya nikabadilisha idadi ya watu na vigezo vichache. Nikishusha kidogo uwezekano wa kuambukiza, ugonjwa unakwisha kabisa. Nikipandisha kidogo, unaishia asilimia 9. Sipati 0.3 hata nifanyeje. Nimekosea hesabu au nimekosea modeli?

Jibu: Hesabu hujakosea. Modeli ndiyo haifai, na majibu yako mawili yanaonyesha kwa nini. Modeli hiyo inawachanganya watu kama mahindi na maharagwe kwenye sufuria ya githeri: kila mtu mzima ana nafasi sawa ya kukutana na kila mtu mzima mwingine. Katika mchanganyiko rahisi wa namna hiyo, kiwango ambacho ugonjwa hutulia ni 1 kutoa 1/R, ambapo R ni idadi ya watu watakaoambukizwa na mtu mmoja iwapo wengine wote hawana virusi. Ili utulie kwenye asilimia 0.3, R lazima iwe 1.003. Ishushe hadi 0.99, ugonjwa unazimika. Ipandishe hadi 1.1, unapata asilimia 9 yako. Hakuna nchi inayotembea juu ya uzi mwembamba kiasi hicho kwa miaka 30. Nchi hukaa kwenye kiwango kidogo kwa sababu ina vikundi ambamo R imepita 1, navyo vimezungukwa na umma mkubwa ambamo R iko chini sana ya 1. Wastani wa hivyo viwili hauwakilishi mtu yeyote.

Kenya imekupotosha kwa njia nyingine pia. Utafiti wa kitaifa wa VVU uitwao KENPHIA, wa 2018, ulikuta asilimia 4.9 ya watu wazima wana virusi, na uchunguzi wa makundi maalumu wa 2010 na 2011 ulikuta asilimia 29.3 kwa wanawake wanaouza ngono, 18.2 kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume na 18.3 kwa wanaojidunga dawa za kulevya. Hapa mteja anaweza kuja na virusi alivyovipata kwa mpenzi wake wa kawaida. Kwenye visiwa vyako karibu kila mara mteja anavichukua kwa wanaouza ngono na kuvipeleka nyumbani. Mshale umegeuka, kwa hiyo vigezo vya Kenya havihami na modeli. Hata ndani ya Kenya havihami: mwaka huohuo wa 2018 Homa Bay ilikaribia asilimia 20 huku Wajir ikiwa chini ya 1.

Anza basi na makundi. Unahitaji wanawake wanaouza ngono, wateja wao, wake na wapenzi wa kudumu wa wateja, wanaume wanaofanya ngono na wanaume, wanaojidunga, na umma uliobaki. Ongeza kundi ambalo wengi hulisahau: waliokuwa katika makundi hayo wakatoka. Mwanamke aliyeuza ngono miaka minne kisha akaolewa hajaacha virusi baa. Kama wako 8,000 na kila mmoja hukaa kwenye kazi hiyo miaka 4, basi 2,000 hutoka kila mwaka, na katika miaka 20 wametoka 40,000. Wakikaa miaka 10, wanaotoka ni 800 kwa mwaka na 16,000 kwa muda huo. Usipowahesabu, modeli itawakuta wanawake wa umma wakiwa na virusi visivyo na asili, nawe utalazimika kupandisha maambukizi ya ndani ya ndoa kwa nguvu ili zilingane. Weka pia mwanamke anayejidunga na kuuza ngono katika chumba chake mwenyewe, usimhesabu mara mbili. (Na kwenye faili usiandike safu za “wateja” na “mateja” zikikaribiana. Herufi moja inatosha kuhamisha watu laki moja.)

Ukubwa wa makundi ndio utakaoamua majibu yako kuliko kitu kingine chochote, na ndio namba dhaifu kuliko zote. Njia ya kawaida ni ya kuweka alama na kurudi. Waelimishaji rika wanagawa bangili 600 za rangi isiyouzwa sokoni. Wiki moja au mbili baadaye timu nyingine inakutana na wanawake 500 na kukuta 150 waliopata bangili. Zidisha 600 kwa 500, gawanya kwa 150: wako 2,000. Jua inapopinda. Timu ya pili ikipita baa zilezile ilizozipita ya kwanza, wenye bangili wataonekana wengi kupita haki yao na jibu litakuwa dogo. Wakipeana bangili na marafiki, jibu litapungua vilevile. Wenye bangili wakihama mji kabla ya awamu ya pili, jibu litavimba. Kuhesabu watu maskani kwa maskani usiku kuna kosa la upande wa pili, maana mtu mmoja huzunguka sehemu mbili au tatu kwa usiku mmoja. Muulize kila unayemhesabu amepita wapi kwingine usiku huo, kisha ugawanye. Tumia njia mbili au tatu zenye makosa tofauti. Zikikataa kukubaliana, usichukue katikati yake kama ukweli. Chukua upana wote uingie kwenye modeli.

Kisha fanya hesabu ambayo haihitaji kompyuta. Asilimia 0.3 ya watu milioni 1.2 ni watu 3,600. Tuseme wanaouza ngono 8,000 wana asilimia 2, ambao ni 160. Wateja 100,000 kwa asilimia 1 ni 1,000. Wanaume 15,000 wanaofanya ngono na wanaume kwa asilimia 6 ni 900. Wanaojidunga 2,000 kwa asilimia 5 ni 100. Jumla 2,160. Wanabaki 1,440, ambao wanaweza kuwa wake za wateja, waliotoka kwenye makundi na walioambukizwa wakiwa ng'ambo. Hiyo inaingia akilini. Wangebaki 3,000, usingeendelea hata hatua moja: ama ukubwa wa makundi ni mdogo mno, ama kuna njia ya maambukizi usiyoiweka.

Hesabu ya pili ni ya mizani. Matendo ya ngono wanayosema wanawake yawe sawa na yale wanayosema wanaume. Wanawake 8,000 wakiwa na wateja 10 kwa wiki ni matendo 80,000. Wateja 100,000 wakisema huenda mara mbili kwa mwezi, ni karibu 46,000 kwa wiki. Tofauti hiyo haiwezi kubaki kwenye modeli. Ikibaki, kuna matendo 34,000 kila wiki yenye mtu mmoja. Kwa kawaida wanaume ndio huficha, na pia kuna wasafiri, mabaharia na watalii ambao utafiti wa nyumba kwa nyumba hauwafikii. Amua unaamini upande upi kwa kiasi gani, uandike uamuzi huo, na mlinganyo uulazimishe usawa kila mwaka wa modeli. Usipoulazimisha, ukiongeza wanawake wakati wateja wamebaki walewale, matendo yataongezeka bila mtu wa kuyafanya.

Sasa maambukizi yenyewe. Kwa tendo moja na mtu mwenye virusi asiyetumia dawa, makadirio yanayotumika zaidi ni haya, kwa kila matendo 10,000: anayepokea kwa njia ya haja kubwa 138, anayetumia sindano iliyotumiwa na mwenye virusi 63, anayeingiza kwa njia ya haja kubwa 11, mwanamke kwa ngono ya ukeni 8, mwanamume kwa ngono ya ukeni 4. Kondomu hupunguza kwa takriban asilimia 80 pale inapotumika kila mara. Wenye virusi ambao dawa zimevifubaza hadi havionekani kwenye kipimo hawaambukizi kwa ngono, kwa hiyo watoe kabisa kwenye upande wa waambukizaji wa ngono. Lakini hesabu waliofubaza virusi, si walioandikishwa kliniki. Katika makundi yanayojificha pengo kati ya hao wawili huwa pana.

Tujaribu. Wanawake 8,000 wenye matendo 500 kwa mwaka ni matendo 4,000,000. Wanawake wakisema kondomu hutumika asilimia 70, kinachobaki cha hatari ni 1 kutoa 0.7 mara 0.8, yaani 0.44. Kwa upande wa wateja: matendo 4,000,000, mara 0.02 ambayo ni nafasi ya kumpata mwenye virusi, mara 0.0004, mara 0.44. Unapata wateja wapya 14 kwa mwaka.

Wateja 14 kwa mwaka hawawezi kuzaa wateja 1,000 wenye virusi. Wakiishi miaka 20 tangu kuambukizwa, unahitaji 50 kwa mwaka. Vijana wengi hapa hupandisha uwezekano wa kuambukiza mara nne, mstari unapita kwenye nukta, na ripoti inaandikwa. Usifanye hivyo. Pengo hilo lina habari, lifuatilie. Kondomu ikiwa ni asilimia 40 kweli badala ya 70 ya mdomoni, 14 inakuwa 22. Matumizi ya kondomu hutiwa chumvi mno anapoulizwa mtu uso kwa uso. Ndiyo maana Kenya ilianza kutumia upigaji kura wa siri, ambapo wanawake kadhaa hukaa kila mmoja kwenye kibanda chake na kutumbukiza karatasi zisizo na jina, na majibu huhesabiwa kwa kundi zima. Magonjwa mengine ya zinaa, hasa yenye vidonda, huongeza uwezekano kwa tendo. Kipindi cha kwanza baada ya kuambukizwa virusi huwa vingi sana: takwimu za Rakai, Uganda, zilisomwa kwanza kuwa mtu huambukiza takriban mara 26 zaidi kwa miezi kama mitatu, lakini uchambuzi wa 2015 wa takwimu hizohizo uliishusha athari hiyo sana, kwa hiyo iwekee upana mkubwa. Na huenda baadhi ya wateja wanajidunga, wanafanya ngono na wanaume, au waliambukizwa nje ya nchi. Kila maelezo yanadai sera tofauti. Kipande cha namba kilichoongezwa kwenye kigezo kimoja kinayaficha yote.

Wanaojidunga wanahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa hapo ndipo modeli hugeuka ghafla. Mtu anayempa mwenzake sindano iliyotumika mara 50 kwa mwaka anaambukiza 50 mara 0.0063, yaani watu 0.315 kwa mwaka. Akijidunga miaka 8, R ni 2.5. Akijidunga miaka 3, ni 0.95 na janga haliwaki. Kigezo kilichoamua hapa ni muda wa kukaa kwenye kundi, wala si ukali wa virusi, na ndicho kigezo ambacho dodoso nyingi hukiulizia kwa swali moja la haraka mwishoni. Tena unapouliza “umejidunga kwa miaka mingapi?” unapata muda uliopita, si muda wote, na waliojidunga muda mrefu ndio rahisi kukutana nao. Rekebisha yote mawili. Methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini na ambayo Kenya iliianza Desemba 2014 katika hospitali ya Mathari hapa Nairobi, hupunguza hatari ya kuambukizwa kwa takriban asilimia 54. Hata ikimfikia kila mmoja, 2.5 mara 0.46 ni 1.15. Bado iko juu ya 1. Ikiwafikia asilimia 40, inakuwa takriban 2. Modeli inayoonyesha methadoni peke yake ikizima janga la namna hii, bila sindano safi na bila dawa za VVU, ina kosa mahali fulani.

Idadi zikiwa ndogo hivi, achana na milinganyo laini pekee. Haioni aibu kukuambia kuna mtu 0.3 mwenye virusi, ambaye mwaka unaofuata anaanzisha janga. Tumia modeli ya bahati nasibu inayohesabu watu kwa namba kamili, angalau kwa makundi madogo, uiendeshe mara elfu moja au zaidi. Kwa modeli rahisi, mtu mmoja mwenye virusi akiingia kwenye kundi lenye R ya 2.5, nafasi ya mnyororo wake kukatika wenyewe ni 1/2.5, yaani asilimia 40. Wakiingia watano, nafasi ya minyororo yote kukatika ni asilimia 1. Maana yake ni kwamba kundi linaweza kukaa miaka mingi bila virusi kwa bahati tu, huku kila kitu cha kuliwasha kipo. Huko Bangkok wanaojidunga walikuwa karibu na asilimia 1 hadi 1987, na kabla ya 1988 kwisha walikuwa wamepita 30. Hapa Nairobi, damu iliyohifadhiwa ya wanawake wanaouza ngono ilionyesha asilimia 4 mwaka 1981 na 61 mwaka 1985. Kwa hiyo usiichukue miaka 15 ya kimya kama ushahidi kwamba R iko chini ya 1.

Takwimu za kulinganishia nazo zina mtego. Kundi lenye asilimia 0.5 ukipima watu 400 unatarajia wawili, na kuna nafasi ya asilimia 13 kutompata hata mmoja. Ukikosa kabisa kati ya 300, unachoweza kusema ni kwamba kiwango kiko chini ya takriban asilimia 1, si kwamba ni sifuri. Upande wa pili, kipimo kinachokosea watu watano kwa kila 1,000 wasio na virusi kitakupa wawili wa uongo kati ya 400, na kama kiwango cha kweli ni 0.2, wa kweli hawafiki mmoja. Hakikisha waliohesabiwa wamethibitishwa kwa vipimo vitatu mfululizo, kama WHO inavyopendekeza tangu 2019. Na kama watu walipatikana kwa kuponi za kualikana, yaani kila mmoja akiwaleta wenzake wanaofanana naye, usichukulie 400 kuwa 400. Gawa kwa 2 au zaidi kabla ya kupima mwachano wa modeli na takwimu. Halafu badala ya kutafuta seti moja ya vigezo, chota seti 10,000 ndani ya upana ulioupanga, ubaki na zile zinazopita karibu na takwimu zote kwa pamoja, nazo zote ziende kwenye makadirio. Ukibaki na seti tatu tu, jua kuna kigezo ulichokibana mno.

Kuna njia moja ambayo haiko kwenye kundi lolote: sindano za hospitali na za waganga wasio na leseni. Huko Roka, Kambodia, mwishoni mwa 2014, na Larkana, Pakistani, 2019, virusi vilienea hivyo; Larkana wengi wa walioambukizwa walikuwa watoto ambao mama zao hawakuwa na virusi. Modeli za makundi maalumu zisingeona kitu. Ukiona kwenye takwimu za nchi watoto wenye virusi na mama wasio navyo, simamisha kazi ya modeli na uijulishe wizara ya afya siku hiyohiyo.

Utakapoulizwa “ni asilimia ngapi ya maambukizi inatokana na kundi fulani?”, uliza nayo ni kwa muda gani. Hesabu ya mwaka mmoja, kama ile ya Kenya ya 2008 iliyowapa wanaouza ngono na wateja wao asilimia 14 ya maambukizi mapya na wapenzi wa kudumu 44, inaangalia mwaka huo tu na kuukata mnyororo wa maambukizi hapo. Endesha modeli mara mbili: mara moja kama ilivyo, mara ya pili ukizima maambukizi ya kati ya wanawake na wateja kwa miaka 10, kisha utoe jibu moja kwenye jingine. Katika nchi kama visiwa vyako jibu la pili hutarajiwa kuwa kubwa zaidi, na ndilo la kupangia bajeti.

Kuhusu programu, Spectrum ndiyo nchi nyingi hutumia kutoa makadirio yao kwa UNAIDS, shirika la Umoja wa Mataifa la UKIMWI, na ina sehemu ya majanga yaliyojikita katika makundi. AEM, modeli ya janga la UKIMWI ya kituo cha East-West Center, Honolulu, ilitengenezwa kwa nchi za Asia zenye hali kama ya visiwa vyako, na hata usipoitumia, orodha ya namba inazodai itakufaa. Kwa modeli ya bahati nasibu andika yako mwenyewe katika lugha ya kompyuta ya R au Python. Makundi saba au nane hayazidi kurasa chache za msimbo. Majina na mahali hasa pa maskani yasiingie kwenye faili la modeli wala kwenye ramani ya ripoti. Modeli haiyahitaji, na polisi wanaweza kuyasoma.

Kabla ya msimbo wowote, chora jedwali lenye safu tano kwa kila kundi: ukubwa, muda wa kukaa kundini, matendo kwa wiki, matumizi ya kondomu au sindano safi, na kiwango cha virusi, kila moja ikiwa na namba ya chini na ya juu. Safu ya muda ndiyo itakayokuwa na mashimo mengi. Pesa za utafiti zikiwa za swali moja tu, zitumie hapo.